Hitilafu Hakuna

Jumatatu, 3 Juni
Nimechoka kudharauliwa! Meneja katangaza kwamba Ijumaa atamteua mkuu wa kitengo cha programu. Tumebaki wawili: mimi na Nukta, yule dada anayesahihisha hata salamu za watu. Kisha akawasha skrini ya ukutani. Tovuti yetu ya kukodi malori ya kuhamisha vyombo imejaa hitilafu, na nyingi, eti, zinatoka kwenye msimbo wa programu nilioandika mimi. Mbele ya watu wote! Hata mpika chai alitikisa kichwa. Mpika chai!

Jumanne, 4 Juni
Dawa imepatikana. Nimeandika kijiprogramu, nimekiita Bawabu. Anakaa mlangoni mwa tovuti. Kila ombi la mteja linapita kwake. Programu ikijikwaa huko ndani, Bawabu anaidaka hitilafu kabla haijamfikia mtu. Nukta kasema wazo ni zuri, ila Bawabu aandike kila hitilafu kwenye kumbukumbu, na mteja aambiwe ukweli kwa upole: samahani, jaribu tena. Nani kamuuliza? Kumbukumbu ndizo zinazoonyeshwa ukutani! Bawabu wangu anadaka na kumeza. Mteja anajibiwa: asante, lori linakuja.

Jumatano, 5 Juni
Skrini nyeupe pe! Meneja kanipigapiga begani. Nukta kaja mezani kwangu kuniambia mficha maradhi kifo humuumbua. Wivu mtupu! Nilitamani kummwagia chai.
Nyumbani, mke wangu kasema mama yake anahama keshokutwa, nimtafutie lori. Nikamjibu atumie tovuti kama watu wengine, siku hizi haikosei. Akaniuliza mara mbili kama nina hakika. Mtu haaminiwi hata kwake!

Ijumaa, 7 Juni
Aibu ya mwaka. Meneja kafungua kinywa kulitaja jina langu, mlango ukasukumwa. Mama mkwe! Kalowa chapachapa. Kumbe tangu alfajiri alikuwa barabarani, kakaa juu ya kochi lake, mvua inampiga, anangoja lori. Nyuma yake ukumbi umejaa watu wenye simu mkononi, zote zinasema asante.
Meneja akauliza ni wangapi waliokosa malori. Bawabu hakuandika kitu. Nukta akakalia kiti changu bila hata hodi, akamfundisha Bawabu kuandika, na hitilafu zikamwagika ukutani. Msimbo wangu ulikuwa unajikwaa kila mteja akisema nyumba yake ina ngazi.
Mama mkwe akanigeukia, kwa sauti ya upole kabisa: "Baba, ningejua umeitengeneza wewe, ningekodi mkokoteni."
Watu walicheka. Mpika chai alicheka zaidi. Sitamsamehe.

Jumamosi, 8 Juni
Nukta ndiye mkuu. Mimi nimehamishiwa kupokea simu za wateja. Dhuluma!
Nyumbani hakupitiki. Mama mkwe kahamia sebuleni kwetu na kochi, kabati na vitanda viwili. Mke wangu hasemi na mimi, anasema na kabati. Simu yangu nayo imekufa kwa maji nilipokuwa nikibeba vyombo mvuani. Mwenye nyumba mpya ya mama mkwe kakasirika kwa kuwa hakufika jana. Atanipigia ofisini Jumatatu mchana tukubaliane siku ya kuhamia. Asiponipata, nyumba anampa mtu mwingine. Nimeapa kwa mke wangu kwamba sitabanduka kwenye simu. Huyu mama lazima aondoke!

Jumatatu, 10 Juni
Simu haijanyamaza tangu asubuhi. Mmoja kanitukana mpaka babu yangu, ambaye hajawahi kugusa kompyuta. Nukta kaja na amri: niandike kila lalamiko, la nani na kuhusu nini, kisha niwapigie wote kuwaomba radhi. Ananiamrisha mimi!
Saa sita nikapata dawa. Nimechomoa waya wa simu ukutani. Raha iliyoje! Nimekaa palepale mezani mpaka jioni, sikubanduka, kama nilivyoapa. Kisha nikampelekea meneja taarifa: malalamiko ya mchana, hakuna. Kaisoma mara tatu. Amevutiwa, naona. Nukta ajiandae.
Ila yule mwenye nyumba hakupiga. Mchana kutwa nimekaa namngoja! Watu wa siku hizi hawana ahadi kabisa.