Siku Tatu Kando ya Ziwa la Uswidi

Jumatatu, 8 Septemba

Ushindi! Jana baada ya misa niliwaonyesha Watanzania na Warundi, wageni wenzangu katika mji huu, picha zangu za Uswidi. Ukumbi mzima ulinikodolea macho. Ofisi yetu ya meli pale bandarini ilinipeleka huko mwaka jana kwa mafunzo, na Jumamosi moja nilizunguka ziwa ndani ya hifadhi ya taifa. Kweli tupu. Kwamba nilizunguka siku tatu, peke yangu, nikilala porini, ni nyongeza ndogo. Ulikuwa mwendo wa saa mbili. Njia imetandikwa mbao kama sebule. Tena karibu kila picha ilikuwa na bibi kizee mwenye kigari cha kujishikizia, aliyenipita mara mbili. Nimemkata kwenye picha zote. Sasa ni mimi na maji tu.

Benedicta, yule muuguzi, aliniuliza kama sikuogopa. Nikatazama dirishani kama mtu mwenye mengi moyoni.

Hapo akasimama Léonce, kinyozi Mrundi wa kitongoji cha Pinetown, ambaye naye anamtaka Benedicta (nina uhakika). Akasema tukiwa na mtaalamu hivi, vraiment, kweli kabisa, tusimwache akae bure: Jumamosi atuongoze kuzunguka bwawa lililoko milimani, juu ya Pinetown. Watu wakapiga makofi. Nami nikapiga, kwa mshtuko.

Jumatano, 10 Septemba

Mama Goreth amejiandikisha! Mjane Mrundi wa miaka sitini na mitatu, goti limefanyiwa upasuaji mwezi wa tano. Benedicta amenipigia simu kueleza kwamba daktari amemruhusu mwendo mwepesi tu, sehemu tambarare. Tangu upasuaji, mama wa watu hajatoka nyumbani kwake mtaa wa Berea ila kwenda hospitali na kanisani. Wiki nzima anaizungumzia Jumamosi. Benedicta akauliza kama nimeikagua njia. Nikasema naijua vizuri sana.

Sijawahi kufika.

Nilipanga kwenda kesho. Lakini viatu! Nimeviona dukani, vya kupanda milima, vina meno chini kama trekta. Kiongozi havai raba. Kesho basi ni ya viatu. Isitoshe, bwawa unalizunguka tu. Nani amewahi kupotea akizunguka?

Ijumaa, 12 Septemba

Viatu vinabana. Muuzaji aliapa vitalegea. Nimevivaa ofisini kutwa nzima. Havijalegea. Nimelegea mimi.

Mpango kuhusu Léonce: nimemteua Msimamizi wa Vinywaji. Maana yake abebe deli zima la soda na barafu. Atatokwa jasho, atabaki nyuma, Benedicta atatembea na mimi. Amekipokea cheo kwa furaha na kunishukuru mara mbili. Maskini.

Jumamosi, 13 Septemba

Eish.

Tulikuwa kumi na mmoja. Kwenye njia panda Léonce alisema njia iko kushoto, mbona kibao kimeandikwa. Basi nikawapeleka kulia.

Baada ya saa nzima tulikuwa katikati ya vichaka, tunapanda. Maji hayaonekani. Kupoteza bwawa zima si kazi ndogo. Nimeiweza.

Mama Goreth akaketi juu ya jiwe, ameshika goti kwa mikono miwili. Uso umempauka. Akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, maji iko wapi?"

Hakuna aliyecheka. Kwa mara ya kwanza wiki hii sikuwaza ninavyoonekana.

Nikampa Benedicta simu yangu atafute ramani. Ikafungukia kwenye picha. Zile zenyewe, kabla ya kukatwa. Akazipitisha kwa kidole, moja moja, taratibu. Akasema, "Kaka Respicius, huyu bibi mwenye kigari ni nani?"

Nikasema yote. Saa mbili. Mbao. Kwamba nilikuwa mpweke, siku nne sijaongea na mtu ila mwalimu, na yule bibi akanikalisha kwenye benchi, akanimiminia kahawa kutoka kwenye chupa ya chai. Akachuma vitunda vya buluu, akanitajia jina la tunda hilo kwa lugha yao, nikakosea, akanisahihisha kama mtoto mpaka nikapatia. Tulicheka sana. Hatukuelewana neno jingine lolote.

Mama Goreth akasema, "Sasa si hiyo ndiyo ungetuambia?"

Léonce akatua deli, akamgawia mama soda, kisha akambeba mgongoni mpaka chini kwenye njia ya kushoto. Hakutokwa jasho hata tone. Deli nililibeba mimi, miguu peku, viatu vikining'inia shingoni.

Kando ya maji Mama Goreth aliomba ashushwe. Akatembea mwenyewe, akihesabu hatua kwa Kirundi. Alifika mia tatu, akasimama akitazama bwawa, akafuta machozi kwa ncha ya kitenge. Sote tukajifanya tunatazama ndege.

Benedicta alinibandika plasta visiginoni. Alisema ile ya bibi na kahawa ni hadithi nzuri kuliko zote nilizowahi kusimulia. Kisha akaenda kutembea na Léonce. Nimeapa: kuanzia leo, ukweli mtupu.

Jumapili, 14 Septemba

Leo baada ya misa watu wamenizunguka wakitaka habari za yule bibi. Nimewaambia kama ilivyokuwa. Wakafurahi! Waliokuja baadaye nikawaambia kwamba alikuwa kanali mstaafu. Wakafurahi zaidi. Kundi la tatu, aliteleza ziwani nikamtoa.

Nimeombwa kuzungumza tena ukumbini wiki ijayo. Benedicta ameahidi kuja, ingawa na Léonce. Nimeipitia hadithi yote kwa makini. Ni nzuri, ila pale kwenye benchi inapoa kidogo.

Nitaweka dubu. Mmoja tu. Mdogo.