Ombi la Kutoa Samaki Bwawani Kalumbi

Mwl. Respicius Kasimiri (mstaafu),
Kitongoji cha Mashineni,
Usevya.

Ijumaa, 30 Mei 2025

Kwa Ndugu Afisa Uvuvi,
Wilayani.

YAH: OMBI LA KUONDOA SAMAKI WOTE, AU WALAU WENGI WAO, KATIKA BWAWA LA KALUMBI

Ndugu Afisa,

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Nakuandikia kama raia, na pia kama mwalimu aliyekufundisha darasa la nne, dawati la pili karibu na dirisha. Wewe ni Zefania wa mama Scolastica, na nakumbuka vizuri ulivyokuwa huwezi kutulia mahali pasipo na kazi. Nilidhani utakua uache. Umekua, umepewa gari, na mwezi wa kumi na moja mwaka jana ukaja Kalumbi na mapipa sita ya vifaranga vya perege, ukavimwaga bwawani bila kuwauliza watumiaji.

Watumiaji wa bwawa ni mimi na Callixte. Callixte ni fundi pancha pale Kibaoni, mzaliwa wa Katumba, mwanakwaya mwenzangu wa sauti ya pili. Kwa miaka sita, kila Alhamisi, yeye anafunga banda lake, mimi nafunga mdomo wangu nyumbani, na tunaingia bwawani tukiwa tumekaa kwenye tyubu za matairi ya trekta. Tyubu hizo alizitia viraka mwenyewe, akashona kiroba cha mbolea katikati na kukitoboa matundu mawili ya miguu. Unaketi, miguu inaning'inia majini na yeboyebo zake za plastiki, unajisukuma kwa visigino. Ukiwa na bahati kiuno kinabaki kikavu.

Naomba nikueleze Alhamisi ilivyokuwa, ili ujue ulichoharibu. Saa mbili asubuhi tunaingilia upande wa matete. Mwezi wa tano kama huu mvua zimekata, mpunga umekauka unamsubiri mwenyewe, maji ni ya baridi na jua ni kali, kwa hiyo mtu unaumwa baridi miguuni na unatoka jasho kichwani kwa wakati mmoja, na ni raha tupu. Upepo unatusogeza taratibu. Saa nne tuko mkabala na mkuyu. Saa sita tuko katikati, tunakula viazi vitamu vya kuchemsha ambavyo tunavihifadhi ndani ya kofia. Saa tisa tumefika kwenye tuta, tunatoka, tunabeba tyubu zetu begani na kuagana. Alikuwepo kiboko mmoja, lakini mwaka juzi alihamia hifadhini kwa hiari yake, nadhani alichoshwa na mazungumzo yetu. Samaki hatukupata. Miaka sita hatukupata hata mmoja, wala hatukuwahi kugombana.

Malalamiko yangu ni kama ifuatavyo:

1. Samaki wanashika ndoano. Naomba nieleweke hapa. Ndoano yangu haina chambo, na haijawahi kuwa nacho tangu mwaka 2019. Nilikuwa naitupa majini kwa heshima tu, kama mtu anayepiga hodi kwenye nyumba ambayo anajua wenyewe wamesafiri. Alhamisi ya tarehe 8 mwezi huu, saa nne na robo, perege wa ukubwa wa kiganja aliidaka hivyo hivyo tupu. Nilishtuka nikaangusha kiazi. Nikamvuta, nikamviringisha kwenye kofia, nikatoka majini na kwenda moja kwa moja nyumbani kumwonyesha mke wangu, kwa sababu hakuna mtu Usevya ambaye angeamini kwa maneno matupu. Tangu hapo nimeshawapata wengine kumi na mmoja bila kukusudia. Darasani nilifundisha kwamba samaki ni kiumbe mwoga na mwenye hadhari. Umenifanya mwongo mbele ya vizazi, na kimojawapo ni chako.

2. Mazungumzo yamekufa. Mimi na Callixte hatukuwa tunapiga soga, tulikuwa na mada. Tangu mwezi wa pili tulikuwa tunajadili kati ya kuku na bata nani ana dharau zaidi. Yeye anasimama upande wa bata, hoja yake ni ule mwendo. Mimi niko upande wa kuku, hoja yangu ni vile anavyokuangalia kwa jicho moja halafu anaona jingine halihitajiki. Tulikuwa tumebakiza mifano ya mwisho. Sasa mjadala wa kiwango hiki unataka mtu amalize sentensi. Nikifika kwenye "kwa hiyo basi", mshipi unavutwa. Siku moja nilianza hoja upande wa matete na kuimaliza kwenye tuta, na katikati nilikuwa nimevua watatu. Hiyo ni hoja gani tena.

3. Mke wangu Romana. Kwa miaka yote sita mama huyu aliamini kwamba naenda kuhangaika na kwamba riziki ni majaliwa. Alinihurumia. Alhamisi jioni nilikuta maji ya moto ya kuoga na maneno laini, kwa kuwa mwanaume anayeshinda majini bila kupata kitu anastahili pole. Yule perege wa kwanza alimpika kwa nyanya na kitunguu, akaalika jumuiya yetu nzima ya kanisa ije kushuhudia, na mwenyekiti wetu mama Josefina akapewa kichwa. Basi ndiyo ikawa imetoka hiyo. Sasa ananiamsha saa kumi na moja alfajiri, na si Alhamisi peke yake, ananiuliza kama samaki nao wana wikendi. Maji ya moto nayaota tu. Jumuiya, ambayo kwa ratiba inasali nyumba hadi nyumba, imesali kwangu Jumamosi tatu mfululizo na hakuna anayekumbuka ratiba iko wapi. Wanasali vizuri, sitaki kusema uongo, lakini ikifika sala ya mwisho macho yote yako jikoni.

4. La nne naliruka. Linaniuma. Nitalirudia nikishapata nguvu.

5. Usalama wa chakula wa mkoa. Hapa naomba usome polepole, kama nilivyokufundisha, kidole chini ya mstari. Habari za samaki wanaokula ndoano tupu zimefika Kibaoni, na kutoka Kibaoni unajua zinafika kote. Alhamisi ya jana tulikuwa tyubu kumi na moja bwawani, ukiachilia mbali mmoja aliyekuja na madumu mawili na kamba. Tyubu hizo zimetoka wapi? Zimetoka kwenye matrekta na matela. Nimepita mashambani mwenyewe, nimeona trekta imeinamia upande mmoja katikati ya mpunga uliokauka, na mwenye trekta nimemwona bwawani, anacheka. Sasa fuata hesabu, mwanangu. Perege wanavuta watu, watu wanavuta tyubu, tyubu zinaacha matrekta, matrekta yanaacha mpunga, mpunga unaachiwa ndege. Mwakani sisi wana Mpimbwe wa huku tutakula perege bila wali, na wageni wakiuliza wali wenu maarufu uko wapi tutawaonyesha ofisi yako.

6. Malezi ya samaki wenyewe. Samaki anayeng'ang'ania chuma kitupu hakulelewa. Hawa ndio watazaa wengine, na hao wengine watazaa wengine. Kuzidisha nilikufundisha mimi, nakiri kosa langu. Nimepiga hesabu nyuma ya kalenda ya parokia, na kwa kasi hii ifikapo mwaka 2031 Kalumbi haitakuwa na maji kabisa, itakuwa na samaki watupu, na tyubu zetu zitakuwa zimewekwa juu ya migongo yao kama kwenye mkeka.

Sasa narudi kwenye la nne.

Callixte haongei na mimi. Ni Alhamisi ya tatu sasa. Tyubu ni duara, haina mbele wala nyuma, lakini yeye amefaulu kunigeuzia mgongo akiwa ndani yake. Anavua, tena ananizidi, na kila samaki anayempata anamchomoa ndoano na kumrudisha majini bila hata kumtazama. Namna hiyo nimewahi kuiona kwa watu waliolewa utajiri. Namsalimia, anaitikia salamu na inaishia hapo. Kwenye kwaya ameacha nafasi ya mtu mmoja katikati yetu. Nilimpelekea baiskeli yangu makusudi, sina pancha wala nini, akaikagua magurudumu yote mawili, akaijaza upepo, akanirudishia usukani mkononi kimya. Ndugu Afisa, nimekaa darasani miaka thelathini na minne na ninajua ukimya wa kila namna, wa aliyeiba chaki na wa ambaye hajala tangu jana. Huu siujui. Nina miaka sitini na nane. Watu wa kufanya nao kazi wapo tele, lakini mtu wa kukaa naye mchana kutwa bila kufanya kitu, hata kimoja, na jioni ukaona siku imejaa, huyo katika umri wangu hapatikani mara mbili. Nimeumia na ninaogopa, na ninasema wazi kwamba walioninyang'anya rafiki ni samaki wako.

Kwa hiyo ninaomba utoe samaki wote kabla ya Alhamisi ijayo. Ikishindikana, watoe wa katikati, kwa sababu ndipo tunapokula viazi. Ikishindikana hata hilo, mteue mtumishi mmoja akae kwenye tuta kuanzia saa mbili hadi saa tisa awe anawafukuza. Najua serikali ina mambo mengi, lakini nyie mlipata muda wa kuwaleta, basi mpate na muda wa kuwaondoa.

Nisalimie mkeo na watoto. Nisalimie mama Scolastica, mwambie goti langu linaendelea vizuri ila lisisikie maji. Nisalimie yule dereva aliyebeba mapipa, yeye hana kosa, alitumwa. Nisalimie wenzako wote ofisini, na yeyote kati yao aliyewahi kukaa chini yangu darasani ajue kwamba bado naona makosa ya tahajia kwenye matangazo yenu.

Ni mimi mwalimu wako, ambaye sijakuchoka bado,

Respicius Kasimiri

Nakala: Baba Paroko, Mwenyekiti wa Kijiji, mti wa matangazo, sokoni Kibaoni.

Tanbihi, Ijumaa, 6 Juni

Barua nzito kama hii inataka shahidi, na shahidi wa mambo haya ni mmoja tu. Jumapili baada ya misa nilimpelekea Callixte atie saini. Aliisoma akiwa ameegemea pampu ya upepo, akairudia tangu mwanzo, halafu akamwita mkewe Goreth naye aisome. Goreth alicheka hadi akakaa juu ya tairi. Ndipo Callixte akaongea, kwa mara ya kwanza tangu tarehe 8 ukiacha salamu.

Alisema kwamba baba yake alimlea hivi: watu wawili wakiingia maji pamoja, samaki wa kwanza anakatwa pale pale ukingoni, mmoja anachukua kichwa na mwingine mkia, hata kama samaki ni wa ukubwa wa kijiko. Na kabla hilo halijafanyika, hakuna kati yao anayeruhusiwa kupeleka samaki kwake. Aliniona nimemviringisha yule perege kwenye kofia na kuondoka bila kugeuka nyuma. Akanisubiri. Akaendelea kunisubiri wiki tatu, akiwarudisha wake wote majini, na Goreth akipika mchicha na kuuliza maswali. Kichwa alichokula mama Josefina kilikuwa cha Callixte. Nilimwomba radhi mbele ya mkewe, na sikuona aibu.

Amenisamehe, kwa sharti moja: nivue mwingine kwa mkono wangu, yeye akiwepo, tumkate pale pale. Kwa hiyo nafuta malalamiko yote, kuanzia la kwanza hadi la sita. Barua naituma hivyo hivyo kwa sababu imeandikwa vizuri.

Tatizo ni kwamba jana Alhamisi tuliingia saa mbili na samaki hawakushika. Nilitia nyungunyungu. Nilitia ugali. Nilitia kipande cha sabuni, nasikia kambale anaipenda, nikasema labda na perege ana mjomba huko kwa kambale. Hakuna. Callixte alinigeuzia uso mchana kutwa, kisu tayari mkononi, tukamaliza suala la bata na kuanza la mbuzi, na tulipofika kwenye tuta jua lilikuwa limeshashuka na sauti imenikauka kwa kuongea. Basi usitoe samaki. Lete wengine, mapipa hata kumi, na ukiwa na njia ya kuwafikishia ujumbe waambie Mwalimu anaomba mmoja tu, hata mdogo, kuna mtu anadai kichwa.

Ila usifanye haraka, Zefania. Hata mwakani si mbaya.