Radhi ya Mama na Matope ya Uskoti

Jumamosi, 1 Mei 1999

Nimekwisha! Jana kwa rafiki yetu Suud, baada ya chakula, katoa picha za Uskoti alikosoma. Milima mibichi, unaona majani mazuri, kumbe chini tope tupu. Kasema Agosti anakwenda kuivuka milima hiyo kwa baiskeli, siku nne, na anataka wenzake wawili. Mwenzetu Hatem kauliza watu hawazami? Suud kajibu wanaozama ni kondoo. Kondoo ana miguu minne! Mie miwili.

Ningenyamaza. Lakini Shatha, dada yake Suud, alikuwa nyuma ya pazia anapanga vikombe, na mie nna nia ya kupeleka posa kabla Hatem hajanitangulia. Nikasema tope kwangu si kitu, nimekulia mabonde ya mpunga Unguja, baiskeli naipitisha kwenye maji ya kiuno. Unguja niliondoka nna miaka mitatu! Baiskeli nimeipanda mara mbili, na mara zote mbili nimeanguka. Suud kanikumbatia. Hatem, kwa kuona haya, kasema na yeye atakwenda. Mdomo uliponza kichwa.

Jumatatu, 3 Mei

Sili. Leo ofisini Ruwi, hapa Maskati, nimejaza fomu ya likizo, penye sababu nikaandika kufa. Nimeichana haraka.

Lakini dawa nimeipata. Kwetu mtu hasafiri bila radhi ya mama. Mama akikataa, basi, hakuna wa kunicheka. Watasema Zahor mtoto mwema. Kazi ni kumtisha tu.

Nikamwambia tope la Uskoti linameza mtu na baiskeli yake. Akaguna. Nikaongeza kuwa linameza na ng'ombe. Akauliza Hatem anakwenda? Nikasema ndiyo. Mama yake, Bi Kheiria, kampa radhi? Nikasema kampa. Hapo mama akanyanyua mikono, akaniombea niende salama nirudi salama. Kasema Bi Kheiria hamshindi yeye kwa moyo. Eti!

Alkhamisi, 6 Mei

Maneno hayamtishi, basi ataona kwa macho. Lakini Maskati hii tope utalitoa wapi? Nimekwenda mtaa wa Wadi Kabir nikaleta gari la maji, tukayamwaga yote kiwanja cha nyuma, jirani alipotifua udongo ajenge. Dereva kaniuliza nnapanda nini. Nikamwambia asijali. Mama nikamwekea kiti kivulini. Mpango wangu: niingie na baiskeli ya kuazima, nizame kidogo, nipige kelele, mama aseme haiwezekani.

Sikuzama kidogo! Gurudumu la mbele likapotea, nikaruka usukani, nikatua kifudifudi. Kusimama, miguu haitoki! Tope magotini. Nikivuta, mapajani. Nikasahau mpango wote. Nikapiga kelele za kweli, mama nnakufa! Nikapiga shahada mara tatu. Majirani wakajaa. Hatem alikuwa anapita na gari lake, akashuka, akaingia kunivuta. Nikamkamata shingo nusura nimnyonge. Kiatu chake kimoja kimebaki humo mpaka sasa.

Nikamuona mama anafuta machozi. Alhamdulillahi, nimefaulu! Kumbe ni ya kicheko. Kasema hajacheka hivyo tangu baba afariki, na kama tope lenyewe ndilo hilo, niende, kanipa radhi zake zote.

Jumapili, 9 Mei

Hatem kajitoa! Kamwambia Suud mbele ya watu kuwa kaliona tope kwa Zahor, kaliogopa, haendi. Hivyo hivyo, naogopa. Mwanamme mzima! Suud kacheka mpaka kapaliwa. Shatha lazima kasikia. Sasa posa yangu haina mpinzani.

Suud akanigeukia, akauliza na mie je? Neno hilo hilo na mie nlikuwa nalo, limefika kwenye meno kabisa. Nikasema, sheikh, mie ndiye yule yule. Nimerudi nyumbani nikajifungia chumbani. Maana sasa tope nitalikuta peke yangu na Suud, na Suud hatazami nyuma.

Alkhamisi, 20 Mei

Shatha kaposwa na Hatem, na kakubali.

Mama katoka kwao na habari. Shatha kasema majasiri kachoka nao, kaka yake mmoja anatosha, kila akisafiri nyumba nzima haina raha. Anamtaka mtu mwenye kuogopa na akasema. Kasema, na hili mama kalisema polepole, kwamba aliyekuwa moyoni mwake kwanza ni mie. Ila hawezi kuolewa awe mjane mwaka huo huo.

Nikakaa chini. Nikamwambia mama ukweli, kuwa nnaogopa tangu siku ya kwanza. Mama akanitazama. Kasema yeye pia hajapata usingizi, radhi katoa kwa kuona nnaitaka safari, na kile kicheko kilikuwa cha kujikaza. Neno moja lingetosha, mwanangu. Kasema hivyo akaenda kusali. Mie nikaingia chooni, nikafungulia maji, nikalia.

Ijumaa, 28 Mei

Leo tumekula halwa ya posa ya Hatem kwa Suud. Nimemeza kama mchanga. Kisha Suud katangaza kuwa safari haipo, kazini wamemnyima ruhusa ya Agosti. Nilitaka kumbusu mikono! Kitu cha kufanya kilikuwa kimoja tu, kunyamaza. Na nikanyamaza, dakika nzima.

Hatem, kwa upole wake ule, akasema bila shaka na Zahor kapumua. Watu wote wakanitazama. Nikasema nipumue nini? Nimesikitika! Tope mchezo wa watoto, mie nlikuwa nataka kumshauri Suud twende wakati wa theluji.

Suud akaruka. Kasema Januari likizo anayo.

Kesho baada ya kazi nna miadi na mwenye ghala la kugandishia samaki. Najua neno moja lingetosha, lakini mama nitamchukua, nimkalishe mlangoni, anione nnavyotetemeka humo ndani. Safari hii lazima atakataa.