Kuta za Kukunjwa na Harusi ya Jecinta

Kariobangi, Nairobi
4 Oktoba 1981

Kwa Bwana Afisa wa Kumbi za Mitaa,

Nakuandikia kwa heshima na bila hasira, ingawa mke wangu Lydiah asema kalamu imetoboa karatasi mara mbili. Tumesikia ukumbi wetu utabomolewa tarehe mosi Desemba, ujengwe mwingine wenye kuta za kukunjwa, ili watu wafanye mambo matatu kwa wakati mmoja bila kuonana. Binti yangu Jecinta anaolewa humo tarehe tano. Lakini siandiki kwa sababu hiyo. Naandika kwa niaba ya umma.

1. Paa linavuja, nakubali. Lakini linavuja mahali pamoja tu, na hapo ndipo tunapowaketisha wazee wa upande wa msichana. Mahari ya jirani yetu Bedan, fundi viatu, yalikubaliwa kabla chai haijachemka. Mkitupa paa zima tutajadiliana mpaka Krismasi.

2. Mwezi wa Juni karani aliandika matanga ya Mzee Mativo na harusi ya msichana Waruguru siku moja. Waombolezaji walikaa kushoto, watu wa harusi kulia. Kufika saa tisa, waombolezaji walikuwa wanakula pilau, na mashangazi wa bibi arusi wanamlilia marehemu wasiyemjua. Hared mwenye duka, aliyekuja kuchukua sufuria zake tu, akaombwa awaombee wote. Ukuta ungekuwepo, undugu huu tungeupata wapi?

3. Ukuta unaohamahama hauna msimamo, na watoto wanatazama. Leo utakunjwa ukuta, kesho sheria za nyumbani, keshokutwa sisi waume tutakunjwa na kuegemezwa pembeni.

4. Kwa hivyo, kama amri ya kubomoa imekwisha pigwa muhuri na haiwezi kurudi, naomba mbomoe nyumba zetu, mkianzia yangu, nambari 46, mtuachie ukumbi. Tutalala humo sote. Watu waliokula pamoja harusini na matangani hawahitaji chumba cha pili.

Jecinta ni mtoto wangu wa pekee, Bwana Afisa. Alijifunza kutembea kwenye sakafu ile, mama yake akiwa mazoezi ya kwaya. Inaniuma kufikiri nitamwoza juu ya kifusi.

Nisalimie karani wako (tumemsamehe), dereva, wapika chai, na yule aliyechora kuta hizo. Sidhani ana wakwe.

Ni mimi, mwenye subira iliyobaki kidogo,
Gachanja Njogu, seremala

Nyongeza, Jumanne: Kabla sijabandika stempu, wakwe walikuja kupanga harusi. Dada yangu Mirriam na mama wa bwana arusi wamegombana juu ya nani atasimamia sufuria ya nyama, na kila mmoja ameapa hatakula akimwona mwenzake. Harusi imesogezwa hadi Pasaka. Tafadhali bomoeni upesi, hata kesho. Nitakuja na nyundo yangu. Ila ukuta wa katikati, naomba usikunjike kabisa.