Kuruka Tano Tano Hadi Ukuu wa Idara

Jumatatu, 3 Machi
Mkuu wa chuo katangaza: atakayewasilisha utafiti bora Alhamisi atakuwa mkuu wa idara ya hisabati. Kiti changu hicho! Nakitaka hadi nakiota. Miwani, mwalimu ninayegawana naye ofisi, anakitaka pia. Keshanunua tai.

Mimi nina kitu. Namba nne huvunjwa kwa njia tano: 4, 3+1, 2+2, 2+1+1, 1+1+1+1. Kila njia ina daraja lake: kipande kikubwa kuliko vyote, toa idadi ya vipande. Gawa daraja kwa tano (likiwa hasi, liongezee tano tano kwanza hadi hasi iishe), panga njia kwa mabaki. Mafungu matano, kila moja njia moja!

Jumanne, 4 Machi
Nimejaribu tisa. Njia thelathini, kila fungu sita! Nikamkumbatia mama watoto, sufuria ikaanguka. Nikajaribu kumi na nne. Sawasawa! Naruka tano tano, nisijichoshe. Basi ni namba zote. Mama watoto kashauri Miwani anikagulie. Nimkabidhi fisi bucha?

Jumatano, 5 Machi
Nimembembeleza katibu muhtasi amweke Miwani mwisho, watu wakiwa na njaa. Kakubali. Sina huruma.

Alhamisi, 6 Machi
Nimeaibika. Nilipigiwa makofi, nikainama mara mbili. Ndipo Miwani akanyoosha mkono: ndugu yangu, hebu tujaribu tano. Akaandika ubaoni. Njia saba. Saba kwa mafungu matano! Nikajitetea kwamba mafungu mengine yana tamaa. Mkuu akacheka hadi akapaliwa.

Miwani akaongeza, kwa upole wa kuudhi, kwamba kwa namba nilizorukia dai langu ni kweli daima, ila lilithibitishwa kabla hatujazaliwa. Mafungu saba nayo yana namba zake, yamethibitishwa vilevile. Ardhi ikakataa kupasuka.

Ijumaa, 7 Machi
Miwani kapewa kiti. Tai imemkaa vizuri, inauma. Mama watoto kanipa pole, kasema siku nyingine nikague kabla ya kutangaza.

Siku nyingine ndiyo leo! Matano yamethibitishwa, saba yamethibitishwa. Kumi na moja yatakosaje? Nimeshaandika: namba zote, mafungu kumi na moja, sawasawa. Nimemwachia mkuu wa chuo mezani, na nakala kwa Miwani. Safari hii sikujaribu hata namba moja. Kujaribu ndiko kulikoniponza.