Matone Kumi ni ya Waoga

Jumatatu, 4 Machi
Nimedhalilishwa! Tena dukani kwangu, mbele ya mteja aliyekuja kupunguziwa suruali. Marehemu baba mkwe aliniachia treni yake ndogo ya umeme, mimi niliyekaa naye kila Jumapili tukiitazama ikizunguka meza na kupuliza moshi. Tangu tumzike, haijatoa moshi hata wa dawa. Leo mama mkwe kakata shauri: Jumamosi anakuja kuiona. Ikitoa moshi, inabaki kwangu. Isipotoa, inahamia kwa mwanawe, yaani Shemeji, kwa sababu yeye ni fundi redio na anajua nyaya.

Shemeji akachekea puani. Mimi ni fundi cherehani mwaka wa ishirini na sita huu. Waya ni nini? Si uzi wa chuma tu?

Jumanne, 5 Machi
Nimeifungua. Chini ya dohani kuna kijitanki chenye mdomo usiozidi kifuniko cha soda. Ndani, waya wa kupata moto na utambi wa kunyonya mafuta. Basi! Ndiyo maajabu yote hayo. Utambi umeungua, mweusi tii.

Shemeji kapita eti kunisalimia. Kasema ninunue utambi wake maalumu na mafuta yake maalumu, nitie matone kumi, yasizidi. Kumi! Kama dawa ya macho! Nikamwambia asinifundishe utambi, mimi ninayelala na kuamka na nyuzi. Alipotoa mguu tu, nikasokota wangu kwa uzi wa nailoni, ule wa kushonea mabegi. Uzi ule haujawahi kuniangusha.

Jumatano, 6 Machi
Umeniangusha. Umeyeyuka ukawa kama chingamu iliyotafunwa. Mteja kauliza kama nachoma ndoo. Nikamjibu ni pasi.

Sikukata tamaa. Nikakwangua kwa sindano, nikasokota utambi wa pamba, nikatia mafuta ya cherehani. Mafuta ni mafuta. Na moshi ulitoka! Mweusi, mzito, wa kukohoza mtaa. Bahati mbaya juu yake nilikuwa nimetundika gauni la bibi harusi. Lilikuwa jeupe.

Alhamisi, 7 Machi
Nimefua gauni tangu asubuhi. Mke wangu kasema nimwite kaka yake yaishe. Kaongeza kuwa asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Nikamjibu guu ni langu.

Nimesafisha tanki kwa spiriti, nikaweka pamba mpya. Kisha nikaenda mtaa wa tatu, Shemeji asinione, nikanunua chupa mbili za mafuta halisi ya moshi. Muuza duka naye kasema matone kumi. Wameambizana hawa! Hesabu haihitaji shule: matone kumi, moshi kidogo, mafuta mengi, moshi mwingi. Nimetia vijiko viwili.

Ijumaa, 8 Machi
Hakuna moshi. Nimeongeza kijiko. Hakuna. Nimeongeza mpaka mafuta yanachungulia dohanini. Ndani kunachemka bwi bwi bwi, basi.

Shemeji kaleta sanduku la mbao, kalitandika blanketi ndani. La kubebea treni kesho, kasema. Mbele ya macho yangu! Nimeligeuza, nimeweka miguu juu yake.

Ila niandike ukweli, humu hasomi mtu. Naogopa. Baba mkwe hakuwa msemaji. Moshi ukitoka alikuwa akinitazama na kusema "Unaona?" Basi, neno moja, Jumapili nzima. Ikichukuliwa treni hii, Jumapili zangu nitazipeleka wapi?

Jumamosi, 9 Machi
Mama mkwe kafika saa nne. Shemeji kaja na suti nyeupe, niliyomshonea mimi mwenyewe. Nikawasha. Treni ikazunguka meza mara tatu, moshi hakuna. Shemeji, aliyekaa ubavuni mwa mama yake, akafungua sanduku lake taratibu, kama mtu anayefungua zawadi.

Mama mkwe akaomba kitambaa, walau aifute magurudumu kama alivyokuwa akifanya marehemu. Akainyanyua, akaipindua miguu juu. Lahaula! Mafuta yote yakashuka kwa mkupuo mmoja kwenye mapaja ya Shemeji. Mama mkwe hata hakumtazama. Akapuliza dohani, fuu, akairudisha relini.

Nusu mzunguko. Kisha moshi! Mweupe, mwembamba, unapanda umejisokota kama uzi safi. Mama mkwe akajishika mdomo. Akasema polepole, "Unaona?"

Tulilia wote. Shemeji pia, ingawa yeye huenda aliililia suti.

Treni inabaki! Na mama mkwe atakuja kila Jumapili kuitazama nami, kuanzia kesho. Kanionya tu kwamba matone ni kumi, kwamba hata marehemu akizidisha ilizama, na ni yeye aliyekuwa akiipindua kuyamwaga. Nikaitikia kwa adabu zote, naam Mama.

Jumapili, 10 Machi
Ushindi! Utambi wangu, mkono wangu, moshi wangu. Shemeji kalibeba sanduku lake tupu.

Nimelitafakari vizuri. Kama jana tanki lilikuwa tupu na moshi ulipanda vile, je, likijaa? Mama mkwe nitamshangaza. Matone kumi ni ya waoga. Nimemimina yote yaliyobaki kwenye chupa.

Mama mkwe anafika saa kumi. Sasa ni saa tisa na nusu. Moshi hakuna, bwi bwi bwi tu. Ni kijicho cha Shemeji hiki, si kingine. Nimefungua chupa ya pili.