Kinara Kimoja Kwangu, Kimoja kwa Bi Zélie

Alhamisi, 5 Juni

Nimepata kinara cha mishumaa! Cha matawi matano, kazi ya Paris, cha zamani mpaka babu ya babu yangu alikuwa hajaota meno. Shaba iliyopakwa fedha. Matawi yamejisokota kama mzabibu, na vijani vyake unataka kuvichuma. Kwenye ncha fedha imelika, shaba nyekundu inachungulia kama mwali mlangoni. Wakusanyaji wanapenda hivyo. Ukisugua, umekiua. Sijasugua. Nimekitazama tu mpaka kahawa ikapoa.

Ijumaa, 6 Juni

Balaa! Pacha wake yuko mezani kwa Bi Zélie Astruc, ng'ambo ya njia, hapa hapa kwenye soko letu la vitu vya kale kando ya mto Sorgue. Na Bwana Hocquard, yule mkusanyaji wa Lille, anakuja Jumapili. Yeye hanunui kimoja. Jozi, au kwaheri. Nikamwomba Bi Zélie kwa upole aniuzie chake. Akasema nimuuzie yeye changu, halafu nikanyoe hizo ndevu, nawatisha wateja. Mwanamke huyu! Jicho analo, ulimi anao. Namvulia kofia, lakini kimoyomoyo.

Jumamosi, 7 Juni

Mpango! Shemeji yangu Gaspard, mwoka mikate, nimemvalisha suti yake ya harusi ajifanye tajiri wa Ubelgiji. Suti haifungi. Akaenda kwa Bi Zélie, akabembeleza, akarudi na chupa ya mafuta ya zeituni aliyouziwa. Kinara hakuna.

Mchana akaja kwangu mtawa, mpole kama maziwa. Anataka kinara changu kwa kanisa lao. Nikamwambia sista, hata Baba Mtakatifu akija mwenyewe, siuzi. Akatukana kidogo. Nikashangaa. Ila watawa nao wana siku zao.

Jumapili, 8 Juni

Asubuhi nikampa Gaspard pesa zangu zote, na za mke wangu ambazo hajui. Asirudi bila kinara! Kaondoka tu, mtawa huyu hapa, pochi imevimba. Nikawaza: Gaspard hajafanikiwa kitu tangu abatizwe. Pesa hizi naziona kwa macho. Nikauza! Nikabusu tawi la katikati, akaondoka nacho.

Mara Gaspard mbio, vifungo vinaruka, kakumbatia pacha. Kakipata!

Nikatazama ng'ambo. Mtawa anavua kitambaa kichwani. Mpwa wa Bi Zélie! Na kinara changu kiko mezani kwake. Bi Zélie anacheka mpaka machozi. Kumbe naye alidhani mpwa wake atashindwa tena, akaona bora ale pesa za Mbelgiji.

Bwana Hocquard akafika. Akatazama huku, akatazama kule, akashusha pumzi kama mtu aliyependa. Akasema jozi nzuri hivi hajaiona maishani, tukiiweka meza moja anainunua sasa hivi. Bi Zélie akaniita nilete changu, tugawane nusu kwa nusu, na chakula cha mchana juu yake.

Nikafikiri. Mjanja kama yule anataka kugawana? Basi kaishiwa mbinu! Nikakataa. Bwana Hocquard akapanda gari lake, akaenda.

Kinara changu kipya nimekiweka dirishani. Jamani, kizuri! Lazima nimpate mwenzake. Suti ya Gaspard itapanuliwa, safari hii awe Mswisi. Bi Zélie nimemwona jioni anauliza bei ya kanzu ya padri. Hanipati! Akija padri yeyote hapa, namfukuza.

Labda awe na pesa nzuri.